Kadi za boksi, globu mbili na ile "ndiyo mwalimu" ya uongo

Kama umewahi kufundisha shule ya kata hii unaijua. Unamaliza kueleza, unageuka, unauliza mmeelewa, darasa zima linakujibu "ndiooo mwalimuuu" kwa sauti moja kama kwaya ya Pasaka, unafuta ubao unaenda zako. Jioni unafungua madaftari unataka kulia. Mi nimeishi na hiyo "ndiyo mwalimu" miaka kibao kabla sijashtuka kwamba ile ni salamu tu kama shikamoo, mtoto anakupa kwa sababu wewe ni mkubwa na umesimama mbele yake, haina habari na kuelewa.

Kisa chenyewe ni cha Machi 2024, huku wilaya ya Bahi mkoani Dodoma, Kidato cha Pili, Fizikia, mada ya mkondo wa umeme. Tuna mikondo miwili, A na B (msichanganye mkondo wa wanafunzi na mkondo wa umeme, wanafunzi wangu wenyewe walichanganya siku ya kwanza tukacheka), kila mmoja una watoto sabini na ushee. Vifaa tulivyonavyo ni projekta moja ya msaada iliyokaa kwenye boksi lake kwa mkuu muda mrefu, laptopu moja ya shule ambayo betri yake imekufa kwa hiyo lazima iwe kwenye soketi muda wote, sabufa ya mahafali, na vile vishikwambi vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 baadae serikali ikavigawa kwa walimu. Umeme upo, wa LUKU, ule wa kununua uniti kwanza ndo utumie. Intaneti ni bando lako mwenyewe mfukoni.

Basi wiki ya kwanza nikaamua nifundishe kisasa. Nikaenda kwa mkuu nikaomba projekta, akanipa kwa moyo mweupe kabisa, akasema mwalimu ndo tunataka vitu kama hivi. Nikashusha video nzuri usiku, nikaandaa slaidi, kipindi cha watu wa 2A saa nne na nusu asubuhi baada ya chai, vipindi viwili vimeungana, dakika 80.

Kwanza kabisa, haionekani. Madarasa yetu mnayajua, madirisha makubwa pande mbili, mapazia hamna, na jua la Dodoma saa nne halina mchezo. Mi mwalimu wa Fizikia nilitakiwa nilijue hili kabla. Projekta inatupa mwanga, haitupi giza. Pale unapoona rangi nyeusi kwenye picha yake, weusi wake ni ule ule wa ukuta wako, kwa hiyo kama ukuta tayari unang'aa kwa jua basi nyeusi yako itakuwa hiyo hiyo rangi ya chokaa. Projekta ya lumeni 3000 (ndo kipimo cha mwanga inaoutoa) ukiitawanya kwenye ukuta wa mita za mraba tatu unapata kama laksi 1000, yaani lumeni 1000 kwa kila mita ya mraba, na mwanga wa dirishani mchana unafika hapo bila jasho. Slaidi zangu zilikuwa za bluu iliyokolea na maandishi ya njano, nilijiona msanii. Zikageuka ukungu. (Kama huna namna, andika maandishi meusi manene kwenye slaidi nyeupe, hayo angalau yanasomeka. Picha za rangi sahau.)

Watoto wakahamishwa wakae karibu, wa nyuma wakasimama juu ya viti. Video ikaanza, Kiingereza cha Kimarekani kile cha puani, mi mwenyewe napata kwa shida, wao wakaona katuni ya umeme inakimbia wakafurahi. Kila nikisimamisha nieleze, naeleza mi. Dakika ya 25 hivi mita ya LUKU ikaanza kulia ile tii tii tii, na haikupita muda giza, maana'ke projekta na laptopu vyote chini. Mhasibu alikuwa Bahi mjini. Nikamalizia kwa chaki.

Sasa sehemu inayouma ni hii. Kabla uniti hazijaisha mkuu alipita akapiga picha mlangoni. Picha ilitoka safi, kamera ya simu imeikwepa ile sehemu ya ukungu, watoto wametoa macho, mwalimu ameshika rimoti. Ikaenda kwenye magrupu ya WhatsApp huko juu, pongezi zikashuka kama mvua ya Januari. Nilipouliza mmeelewa nikaitikiwa vizuri tu. Jioni nasahihisha zoezi: nimechora betri, globu mbili zinazofanana zimeunganishwa mfululizo kwenye njia moja, nimeuliza ipi itawaka zaidi. Karibu darasa zima wameandika ya kwanza, kwa sababu ya pili inapata "umeme uliobaki".

Stafu tulijadili. Mtaaluma akasema tatizo mapazia, tuchangishe. Madam wa Bailojia akasema tatizo LUKU, kila somo la projekta litangulie na uniti zake. Wote wako sahihi lakini mi nikajiuliza hivi, tungekuwa na mapazia meusi na jenereta juu, lile jibu la umeme uliobaki lingebadilika? Lisingebadilika. Kwa sababu kwenye dakika zote zile hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa anafikiria nini. Nilichofanya ni kuhamisha hotuba yangu kutoka ubaoni kwenda ukutani, tena ukutani haionekani.

2B walikuwa na kipindi hicho hicho Jumatano. Nilikuwa na siku nne.

Kuna kitu kinaitwa Plickers, nilikisikia kwa jamaa niliyesoma naye UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwanafunzi hahitaji simu, na huku simu shuleni ni marufuku kwa mwanafunzi kwa hiyo hapo tayari tumeelewana. Kila mwanafunzi anapewa karatasi yenye mchoro mweusi wa mraba mraba, kila karatasi ina mchoro wake, na kwenye pande zake nne kuna herufi ndogo A, B, C, D. Ukitaka kujibu C unageuza karatasi C ikae juu, unanyanyua. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake darasani kama anapiga video, simu inasoma karatasi zote inakwambia namba 14 kasema A, namba 15 kasema C. Herufi ni ndogo makusudi, jirani hawezi kuibia, na michoro haifanani kwa hiyo kuiga kadi ya mwenzio hakukusaidii.

Tatizo la kwanza: kadi zao, lile fungu kubwa, ziko 63. 2B wako 72. Nikahangaika nani akose, afu nikaona isiwe tabu, kadi moja kwa watu wawili, kadi 36 mchezo umeisha. Nilifanya hivyo kwa ufukara tu, nawaambia ukweli, kumbe hapo ndo nilikuwa nimeokota dhahabu. Wawili wakishika kadi moja lazima wakubaliane, na ili wakubaliane lazima mmoja amwambie mwenzake kwa nini.

Nikachapisha karatasi 18 stationari ya mjini, kadi mbili kila karatasi, nikakata, nikabandika kwenye maboksi ya maji kwa gundi ya unga, na nikajifanya fundi nikazizungushia selotepu zisichafuke. Kosa. Selotepu inang'aa, dirisha likimulika kadi, simu inaona mng'ao badala ya mchoro. Usiku wa kuamkia Jumatano nilikuwa nabandua selotepu kwenye kadi 36 kwa kucha.

Afu nikataka kila kundi lione umeme unavyotembea, na kuna simulesheni za PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, alizianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya Fizikia. Ni za bure, na unaweza ukaishusha moja kama faili ukaiweka kwenye fleshi ikafunguka bila intaneti. Ile ya saketi unajenga kwa kidole, betri, waya, globu, na unaziona chaji kama vidoti vinatembea kwenye waya. Kwa hiyo nahitaji vishikwambi. Hapo sasa ndo utajua walimu. "Ticha, hiki kimesainiwa kwa jina langu, kikianguka utalipa wewe?" Na wana haki bana, kitu kina fomu, kina namba, na watoto sabini hawana breki. Wengine vyao viliishia kwa watoto nyumbani havionekani tena. Nilipata vitano kwa kuahidi kwamba vitakaa mezani havitanyanyuliwa na mi ndo nitasimamia, na changu cha sita.

Jumatano, mvua. Inapiga juu ya bati mpaka husikii mwenzio, ingekuwa siku ya video na sabufa tungeangaliana tu. Nikachora kwa chaki ubaoni lile lile swali: betri, globu mbili zinazofanana, njia moja. A, ya kwanza inawaka zaidi. B, ya pili. C, sawa. D, haziwaki zote mbili. Nikaandika kwa Kiingereza na chini yake Kiswahili. Dakika tatu mbishane afu kadi juu.

Nimefundisha pale miaka, sijawahi kusikia kelele ya aina ile, si ya fujo, ni ya kubishana. Nikapitisha simu. Kati ya kadi 36, zenye C hazikufika kumi. A ndo zimejaa.

Kuna profesa wa Harvard, Eric Mazur, toka 1991 anafundisha Fizikia kwa mtindo huu wa kuuliza, kupiga kura, kujadiliana na jirani, kupiga kura tena. Kanuni yake ni kwamba kama waliopatia ni wachache sana, chini ya theluthi hivi, usiwaambie wajadiliane tena, kwa sababu wenye kosa ni wengi watawameza wachache wenye haki, hapo rudi ueleze upya au leta kitu kingine. Kama waliopatia wako katikati, hapo waache wabishane. Mi nilikuwa chini ya theluthi. Kwa hiyo sikusema jibu. Nikasema haya, nusu nendeni kwenye vishikwambi mjenge hiyo saketi, nusu njooni mbele kwenye vifaa halisi, tutabadilishana.

Na hapa kwenye vifaa halisi nikaaibika. Tochi za siku hizi nyingi ni LED, vile vitaa vya kisasa visivyo na uzi wa kuwaka ndani, kwa hiyo kwa fundi redio pale Majengo nilikuta taa ndogo za LED nyingi nikachukua, na globu za zamani za nyuzi nikapata chache tu za kuokoteza. Nikaanza na LED. Betri mbili, volti 3. Nikaweka LED moja, inawaka. Nikaweka mbili mfululizo. Kimya. Giza totoro. Waliochagua D walilipuka, "tulisemaaa!", mmoja akapanda juu ya kiti. Mi mwalimu wa Fizikia mzima nimejisahau kwamba LED nyeupe moja inataka kama volti 3 peke yake, mbili mfululizo zinataka kama 6, hapo huwezi kupata kitu. Ikabidi niombe radhi, nikasema hizi si globu za kwenye swali, nikatoa zile za nyuzi na betri tatu.

Zikawaka. Lakini, na hapa moyo ulinidunda, moja ilikuwa inawaka zaidi. Ya kwanza. Zilitoka kwenye tochi mbili tofauti, hazifanani, sikuwa na jozi. Kundi zima la A likanigeukia, "mwalimu si unaona mwenyewe". Na wakati huo huo walioko kwenye vishikwambi wanapiga kelele kwamba zinafanana, mwanga sawa. Nusu ya darasa inasema sawa, nusu inasema si sawa, na kila upande una ushahidi mbele ya macho yake.

Nilitamani kumalizia kwa hotuba, chaki ilikuwa tayari mkononi. Binti mmoja, wa wale wa nyuma ambao muhula mzima hujawahi kusikia sauti yake, akasema taratibu tu, "si muzibadilishe". Nikamuuliza nini? "Ya mbele ije nyuma, ya nyuma iende mbele, tuone kama ni nafasi au ni globu yenyewe."

Nikamwachia azibadilishe mwenyewe. Mikono inamtetemeka, akakaza nyaya. Ile iliyokuwa inawaka zaidi sasa ni ya pili, na bado ndo inayowaka zaidi.

Darasa kimya, mvua tu. Kama umeme unaliwa na ya kwanza, hii ya pili imepata wapi? Wakarudi kwenye vishikwambi, nikawaambia mtazame vidoti, hesabuni kasi kabla ya globu na baada ya globu. Ni ile ile. Kura ya pili, C zikawa nyingi sana, zimebaki kadi chache za A ambazo nazipenda mpaka leo kwa ubishi wao.

Na mmoja wa hao wabishi ndo akauliza swali la mwaka. "Mwalimu, kama umeme hauliwi na globu, unatoka kama ulivyoingia, mbona LUKU inaisha?"

Wallahi nilikaa. Maana siku ile ya projekta LUKU iliishia darasa la jirani, shule nzima ilijua. Na ndo swali lenyewe, si eti mtoto ni mbishi, kule nyumbani anaambiwa zima taa unamaliza umeme, shuleni mi namwambia umeme hauishi, atamwamini nani, mama yake ananunua uniti kwa hela ya mpunga! Nikatoka nje kwenye veranda nikaingiza baiskeli ya mlinzi, inadondosha maji, nikaigeuza miguu juu. Zungusha pedali. Mnyororo unaenda, unarudi, hakuna pingili inayopotea njiani, zilizoenda ndo zilizorudi. Lakini bana tairi la nyuma kwa kiganja, uone mkono wa anayezungusha. "Unachoka mwalimu." Basi chaji ni mnyororo, inarudi yote. Kinachobaki kwenye globu ni nguvu ya mkono, inatoka kama mwanga na joto, na LUKU inakuuzia hiyo nguvu. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, projekta yetu ya wati 250 ukiiwasha masaa mawili umemaliza nusu uniti, hakuna kidoti hata kimoja kilicholiwa lakini nusu uniti yako haipo.

Kengele ikalia hatujafika hata nusu ya nilichoandika kwenye maandalio ya somo.

Na hilo ndo la kwanza kati ya mabaya yake, sitaki niwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa asali. Swali moja lilikula dakika 80. Azimio la kazi halijui habari ya LED na baiskeli, na mdhibiti ubora akija anataka kuona uko mada ya ngapi. Kwa sasa natumia kadi mara moja kwa mada, kwenye lile swali ambalo najua kabisa watakosea kwa sababu ya maisha yanavyosema nyumbani, na kwenye mada nyingine zisizo na mtego nafundisha kwa chaki kama zamani wala sioni aibu. Kutafuta hilo swali moja ndo kazi, inanichukua muda kuliko slaidi zote nilizowahi kutengeneza. Swali la kukariri, kwamba kipimo cha mkondo ni ampea, ukilipiga kwa kadi wote watapatia na hutajua lolote.

La pili, vishikwambi. Kimoja kilipata ufa, changu, nashukuru Mungu ni changu. Wenzangu wawili wakachukua vyao pale pale wala sikuwalaumu.

La tatu ndo linaninyima usingizi. Yale mabishano yote, nafasi au globu, mnyororo, nguvu ya mkono, yalikuwa Kiswahili, na huko nyuma nilisikia Kigogo. Mtihani wa Kidato cha Pili ni Kiingereza. Mtihani wetu wa Mei niliweka swali la globu mbili, "explain", na 2B waliandika sababu nzuri kuliko miaka yote, ila wengi kwa Kiswahili katikati ya karatasi ya Kiingereza. Mmoja kaandika "because chaji haziliwi, they come back like mnyororo of bicycle". Nikampa maksi zote. Mtaaluma alipopitia karatasi akaniita pembeni, "Mwalimu, Novemba huko hawataipa hata moja." Anasema kweli. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Tulipofika ni kwamba wanabishana kwa lugha yoyote mpaka kura ya pili, afu kadi zikishuka kila wawili wanaandika sentensi moja ya Kiingereza nyuma ya daftari, moja tu, na jirani anaisoma kwa sauti. Inakula dakika kumi nyingine. Madam wa Kiingereza amekubali kukaa nyuma siku hizo, anazunguka na kalamu nyekundu.

2A niliwarudia wiki iliyofuata na kadi zile zile na swali lile lile, wakalalamika eti wenzao walipewa baiskeli. Nikaileta. Projekta imerudi kwenye boksi lake, ilitoka Oktoba kwenye mahafali ya Kidato cha Nne, jioni jua limezama, ikaonekana vizuri kweli.